Matundu Kumi na Mawili

Karatasi ya kaunti ilikuwa na mistari kumi na tisa, na nyumba ya Otha na Vernice Bazemore ilifaulu kumi na saba. Mkaguzi, Bwana Lassiter, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliwasomea yote palepale barazani, kwa kuwa ndivyo alivyotakiwa kufanya. Maji ya moto, ndiyo. King'ora cha moshi, ndiyo. Kitanda cha mtoto chenye godoro lake mwenyewe, ndiyo. Alipofika kwenye uvungu wa nyumba, ile nafasi ya kutambaa kati ya ardhi na sakafu, alipunguza sauti.

"Unyevu wa mbao, asilimia ishirini na saba. Inatakiwa iwe chini ya ishirini. Hapana. Kuvu ya kuonekana kwa macho, ipo. Kwa hiyo hapana. Matundu ya hewa yawe wazi..." Aliinama kidogo akautazama ukuta wa matofali chini ya baraza. "Yako wazi. Ndiyo."

"Kwa hiyo mjukuu wangu haji," alisema Vernice.

"Bado, mama. Nitarudi tarehe ishirini Agosti, kabla shule hazijafunguliwa. Zikiwa zote ndiyo, anakuja kukaa kwenu wiki hiyohiyo. Ikibaki hapana hata moja, faili linakwenda kwa jaji. Na wale wanaomlea sasa wameshaomba waendelee naye."

"Waendelee naye mpaka lini?"

"Hilo si langu, mama."

Shaniya alikuwa na miaka minane. Mama yake, Renita, binti pekee wa Otha na Vernice, alikuwa amepelekwa kwenye nyumba ya kutibu waraibu akae mwaka mzima, na tangu Juni mtoto alikuwa kwa watu baki, mwendo wa maili arobaini. Watu wazuri, kaunti ilisema. Wana bwawa la kuogelea.

Vernice alikuwa ameoka keki ya siagi kwa ajili ya ukaguzi ule. Alimkatia Bwana Lassiter kipande, akakiweka kwenye sahani ya wageni. Mkaguzi alishukuru sana, akasema ana kisukari, hawezi. Alipoingia ndani ya gari lake alifungua kopo la soda, akanywa yote, kisha akanusa mkono wa shati lake. Vernice alimwona kupitia dirisha la jikoni. Akakichukua kile kipande akakitupa kwenye pipa la taka, na sahani yake akaiosha mara mbili.

Harufu ile ya kuvu waliijua. Ilikuwa imekaa kwenye nguo, kwenye mashuka, kwenye Biblia. Kanisani, Pasaka iliyopita, mwanamke mmoja aliyekaa karibu nao alihamia benchi la mbele akisema anataka kumsikia mchungaji vizuri, na mchungaji yule ana sauti ya kuamsha maiti.

*

Kijana wa kampuni ya kukausha nyumba alikuja Jumanne, amevaa ovaroli nyeupe na viatu vilivyofunikwa mifuko. Alitambaa uvunguni kwa dakika kumi, akatoka na picha kwenye simu: boriti zenye manyoya meupe na madoadoa meusi, matone yananing'inia kwenye mabomba ya hewa baridi, udongo unang'aa kwa maji.

"Otha," alisema, jina tupu, bila mzee wala bwana, na mzee mwenyewe ana miaka sitini na minane na ni shemasi. "Otha, hapa una bwawa la vyura. Haya matundu ya hewa, nani anayafungua?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nyumba lazima ipumue. Nayafungua Ijumaa Kuu tukishapanda maharage, nayafunga Novemba, Sikukuu ya Shukrani. Marehemu baba alifanya hivyo, na yeye ndiye aliyeijenga."

Kijana akacheka. Hakikuwa kicheko kibaya sana, kilikuwa cha mtu aliyechoka na kusikia jambo lilelile kila nyumba. Lakini alicheka. "Bado mpo watu wa Ijumaa Kuu! Otha, hayo matundu ndiyo yanayokuua. Tunayaziba, tunatandika nailoni nene chini kote na kupandisha ukutani, tunasafisha kuvu, tunaweka mashine ya kukausha hewa. Dola elfu kumi na saba na mia nne. Tunakopesha pia."

"Toka kwenye uwanja wangu," alisema Otha.

"Mzee wangu, sikukusudia..."

"Sasa ndiyo nimekuwa mzee wako? Toka."

Vernice hakusema kitu mpaka gari la kampuni lilipopotea barabarani. "Umemfukuza kwa sababu ya bei au kwa sababu ya kicheko?"

"Vyote viwili."

"Bei ni ya kishetani, nakubali. Lakini alichosema kuhusu matundu?"

"Mwizi akikwambia saa, utaweka saa yako sawa na yake? Hata mkaguzi wa kaunti ameandika ndiyo. Mstari mmoja tu wa uvungu tumepata ndiyo, Vernice. Ni matundu ya baba."

*

Vernice alikuwa amepika kwenye jiko la shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita. Jibu lilimjia siku mbili baadaye, akiwa ameinama kutoa maharage kwenye friji. Alisimama na mlango wazi, jasho la hewa ya Julai likitanda kwenye chupa ya maziwa mbele ya macho yake. Akaufunga mlango taratibu, akaenda barazani.

"Otha. Unakumbuka mwaka ule chumba cha baridi cha shule kilivyoharibika?"

"Ulilalamika mwezi mzima. Nitasahau vipi?"

"Yule msichana mpya aliuzuia mlango usijifunge kwa ndoo ya matango ili tushushe mzigo wa kuku. Saa moja tu, mwezi wa Agosti. Kuta zikatoka machozi, dari ikadondosha, maboksi yakalowa mpaka yakapasuka chini. Nani alimwaga maji mle?"

"Hakuna."

"Hakuna! Hewa ya hapa imejaa maji, ikigusa baridi inayaacha. Sasa niambie, sakafu yetu ina nini juu yake?"

Juu ya sakafu kulikuwa na kiyoyozi. Walikuwa wamekinunua kiangazi cha mwaka juzi kwa ajili ya kifua cha Shaniya, anayetembea na dawa ya kuvuta ya pumu, ili akija likizo alale bila kukohoa. Mabomba yake yalipita uvunguni.

"Sisi tumepoza nyumba kama friji," alisema Vernice, "na chini yake umeacha milango kumi na miwili wazi tangu Ijumaa Kuu."

"Baba yangu alikaa humu miaka hamsini na sakafu haikuoza."

"Baba yako hakuwa na kiyoyozi! Alikuwa na upepeo wa mkono aliopewa bure na duka la majeneza!"

"Usimtie marehemu mdomoni."

"Marehemu simlaumu. Yeye alifanya kazi yake kwa nyumba aliyokuwa nayo. Nakulaumu wewe uliye hai."

Otha aliinuka, akaenda kumwagilia bamia ambazo mvua ilikuwa imezimwagilia asubuhi.

*

Vernice hakungoja ruhusa. Alinunua nailoni nene dukani, jozi ya glavu, sabuni ya kuua kuvu, na kwenye duka la rehani akapata mashine ya kukausha hewa kwa dola mia na arobaini. Alivaa aproni yake ya shule, akafunga kofia ya plastiki ya kuogea juu ya nywele, barakoa puani, akalala kifudifudi na kuingia uvunguni kwa mlango mdogo wa nyuma. Ana miaka sitini na minne. Otha nyonga yake ilikuwa mbovu. Hakuwa ameingia mle kwa miaka tisa. Alikaa nje juu ya ndoo, amshikie waya wa taa.

Kimo kilikuwa cha kutambaa tu. Alisugua boriti moja baada ya nyingine, maji meusi yakimchuruzikia kwenye mikono hadi makwapani, buibui shingoni. Aliimba mwanzoni. Kisha akaacha kuimba, akawa anatukana kidogokidogo, maneno ambayo mke wa shemasi hayajui.

Purcell, jirani yao, alipita na trekta lake dogo la kukatia nyasi, akasimama, akaona miguu miwili ya mwanamke imetokeza chini ya nyumba na mumewe ameketi juu ya ndoo.

"Shemasi!" alipaza sauti. "Umeanza kumzika na bado anatikisika?"

"Endelea na safari yako, Purcell."

"Mimi nauliza tu! Kama ni hivyo na mimi nina mke, nitamleta kesho."

Kutoka chini ya nyumba ikatoka sauti ya Vernice: "Mlete, Purcell! Na wewe uje! Nafasi iko ya wanaume wawili wasiofanya kazi!"

Purcell alicheka mpaka akazima trekta. Otha hakucheka. Alizitazama nyayo za viatu vya mkewe zilizolowa tope, akaona haya, na haya ile ikageuka hasira kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Siku nane zilipita hivyo. Vernice aliziba matundu yote kwa vipande vya plaiwudi vilivyozungushiwa sponji, kwa sababu vidirisha vya chuma vya zamani vilikuwa vimeliwa na kutu na havikufunga sawasawa. Mashine ilinguruma usiku na mchana, ndoo ya maji ikimwagwa asubuhi na jioni. Alipima mbao kwa kipimo kidogo cha sindano mbili. Ishirini na tano. Ishirini na nne na nusu.

Jumapili Shaniya alipiga simu, kama kila Jumapili.

"Bibi, nyumba imeacha kunuka?"

"Nani kakwambia inanuka, kipenzi?"

"Mama wa huku. Alifua nguo zangu zote nilipokuja, akasema zinanuka kama chini ya gati. Bibi, gati ni nini?"

"Ni mahali pa kufungia mashua," alisema Vernice. "Mwambie asante kwa kufua."

Alikata simu akakaa na mikono mapajani, kucha zake nyeusi mpaka ndani.

*

Jumatano ya wiki ya tatu Vernice alirudi kutoka maombi ya jioni, jua likiwa bado juu, akaona kipande cha plaiwudi kimeegemezwa ukutani. Kisha cha pili. Akaizunguka nyumba yote na mkoba wake wa kanisani mkononi. Matundu yote kumi na mawili yalikuwa wazi.

Otha alikuwa mezani anakula mkate wa mahindi.

"Nani ameyafungua?"

"Nimeyapa hewa kidogo. Harufu ya sabuni ilikuwa kali. Nyumba ilikuwa inakosa pumzi."

"Tangu saa ngapi?"

"Jana ulipokwenda kwa daktari wa macho. Nikayarudishia kabla hujafika, usiku nikayafungua mpaka alfajiri, na leo tena."

Vernice aliuweka mkoba mezani kwa uangalifu mkubwa. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini. "Ndiyo maana leo asubuhi kipimo kilipanda nikadhani kimeharibika. Nimesali kanisani, Otha. Nimesimama mbele za watu nikaomba Mungu anionyeshe nilipokosea. Na wewe uko nyumbani umeshika bisibisi."

"Nyumba ni ya baba yangu."

"Na mtoto ni wa nani? Una siku kumi na mbili. Jaji akishatia sahihi, utampelekea mtoto matundu ya baba yako kwa posta? Utamwambia, Shaniya, hatukukupata, lakini babu hakushindwa na kijana wa kizungu wa ovaroli?"

"Huyo kijana hana uhusiano na hili."

"Ana uhusiano wote! Laiti angekuita mzee, siku ileile ungeyaziba! Alisema kweli kwa mdomo mchafu, nawe ukaitupa kweli pamoja na mdomo. Njoo."

"Nakula."

"Inuka!"

Kwa miaka arobaini na mmoja ya ndoa Otha hakuwahi kusemeshwa hivyo. Aliinuka. Vernice alimshika kifundo cha mkono, akampeleka hadi kwenye tundu lililo chini ya chumba cha Shaniya, akamwinamisha pamoja na nyonga yake, akauingiza mkono wake ndani mpaka begani.

"Shika bomba. Panda juu zaidi. Shika boriti."

Mkono wa Otha uligusa kitu baridi chenye utelezi. Matone yakamkimbilia kwenye mkono wa shati. Boriti aliyoishika ilikuwa imelowa kama mti uliotolewa mtoni, na mvua haikuwa imenyesha tangu Jumapili.

"Umefungua milango hii tangu baba yako afe," alisema Vernice, "na hukuwahi kuingiza mkono."

Akamwacha pale, akaenda kuchukua plaiwudi.

*

Kesho yake Otha aliamka kabla ya mkewe, akavaa suruali kuukuu, akaingia uvunguni mwenyewe. Ilimchukua robo saa kupita mlango tu. Vernice alimsikia chini ya sakafu ya jikoni akiguna na kuburuza mguu, mpaka akafika chini ya bafu, mahali sakafu ilipolainika. Boriti mbili alizozikumbuka tangu utotoni, alizomwona baba yake akizipiga randa uani, zilibonyea chini ya kidole gumba kama keki.

Alipotoka hakusema samahani. Alisema, "Zile mbili nitazipachikia mbao mpya ubavuni. Na plaiwudi yako umeikata ovyo. Hewa inapita pembeni."

"Nimeikata na kisu cha mkate, ulitaka niikate vipi?"

"Lete futi."

Alikata vipande vipya kumi na viwili, kila kimoja kwa kipimo cha tundu lake, na nyuma ya kila kimoja akaandika namba. Alitandika upya nailoni kwenye pembe ambazo Vernice hakuzifikia. Kila jioni walisomeana kipimo. Ishirini na mbili. Kumi na tisa. Tarehe kumi na tisa Agosti, kumi na sita.

*

Bwana Lassiter alifika saa nane mchana, shati limemgandia mgongoni. Ilikuwa nyumba yake ya saba siku hiyo. Alifungua mlango wa uvungu, akainama kwa shida, akachoma sindano za kipimo chake kwenye boriti iliyo karibu. Akatazama. Akachoma mahali pengine.

"Kumi na sita! Na hapa kumi na tano." Alifurahi kweli, ilionekana. "Kuvu, haipo. Harufu haipo. Nani amewafanyia kazi hii?"

"Mke wangu," alisema Otha.

"Kampuni gani, nauliza."

"Mke wangu."

Mkaguzi alicheka kwa heshima, akaandika ndiyo, akaandika ndiyo nyingine. Kisha kalamu ikasimama. Alitembea hatua chache kando ya ukuta.

"Mmeziba matundu."

"Ndiyo yaliyokuwa yanaleta maji," alisema Otha. Akaeleza yote, polepole, kwa mpangilio: hewa ya kiangazi, sakafu iliyopozwa, mabomba, chumba cha baridi cha shule. Alieleza vizuri kuliko kijana wa ovaroli.

Bwana Lassiter alimsikiliza mpaka mwisho. "Mzee, sina ubishi. Hata mimi kwangu nimeyaziba, mwaka wa nne huu. Lakini fomu inasema yawe wazi. Iliandikwa kabla sijaajiriwa. Nikiandika hapana, mnajua kinachofuata."

"Basi andika pembeni sababu."

"Hakuna nafasi ya sababu. Kuna ndiyo na hapana."

"Ingia uvunguni ukashike mwenyewe. Tochi hii hapa."

"Goti langu lina chuma, mzee. Na hata nikishika, karatasi haishiki." Alijifuta uso. Akasema bila kuwatazama, "Mkiyafungua sasa hivi, nikayaona wazi, naandika ndiyo. Kesho mimi sipo hapa."

"Siyafungui," alisema Otha.

"Otha."

"Siyafungui, Vernice. Umenitukana mwezi mzima niyafunge. Nimetambaa kwenye tope na nyonga hii. Sasa nisimame mbele ya mtu anayejua ukweli, aliyeufanya kwake, nijifanye mjinga ili aandike? Nilipokuwa mjinga walinipa ndiyo!"

Vernice alimtazama mkaguzi, kisha mumewe. "Mimi nimekasirika kuliko wewe," alisema. "Nina hasira ya kuing'oa hiyo karatasi na kumlisha. Lakini leo mtoto wa Renita yuko ndani ya hiyo karatasi. Fungua."

Otha alichukua bisibisi. Alifungua tundu la kwanza, plaiwudi ikatoka kwa mlio mkavu. Alifungua la pili. Mkaguzi alimfuata hatua kwa hatua, kichwa chini, akihesabu bila sauti. Hewa nzito ya Agosti ikaingia uvunguni kupitia matundu yote. Kwenye la kumi na mbili Otha alishindwa kuinuka, na Bwana Lassiter akampa mkono. Otha aliutazama ule mkono, akashika ukuta badala yake.

"Ndiyo," alisema mkaguzi, akaandika. "Zote kumi na tisa. Weka sahihi hapa, kwamba yatabaki wazi kadiri ya masharti."

Otha aliisoma sentensi ile mara mbili. Akatia sahihi, jina lote, pamoja na neno shemasi. Bwana Lassiter alimpa Vernice nakala ya njano. "Atakuja Jumamosi," alisema. "Nawapongeza." Hapakuwa na kejeli ndani yake. Akaenda kwenye gari lake, akakaa ndani mlango ukiwa wazi, akaanza kujaza karatasi ya nyumba ya nane.

"Nimesema uongo kwa maandishi," alisema Otha.

"Ukweli uko chini ya nyumba. Umemwalika, hakushuka." Vernice aliikunja ile nakala mara nne, akaisukuma ndani ya sidiria. "Lete namba moja."

"Bado yuko hapo."

"Namwona. Lete namba moja, na nyundo. Bisibisi inachelewa."

Alipiga msumari wa kwanza kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Mlio ukagonga ukuta wa nyumba, ukapita uwanjani. Bwana Lassiter aliinua kichwa. Vernice hakugeuka upande. Alimtazama usoni, akapiga wa pili, akanyoosha mkono nyuma apewe msumari mwingine, na Otha akampa. Walikwenda hivyo, tundu hadi tundu, upande wote unaotazamana na gari, mbele ya macho ya kaunti.

Mkaguzi alifunga mlango, akapandisha kioo, akawasha baridi ya gari, akaondoka.